Kuta Zinazolia

Wanafunzi walimwita Mwalimu Takriri, kwa kuwa jambo moja alilirudia mpaka nao wakaliota usingizini. Mchana ule hata nguvu za kurudia hakuwa nazo. Koo limekauka, miguu inawaka, na mtihani ushabisha hodi. Ubaoni aliandika mshororo wa shairi la kale, la mshairi aliyezunguka mji wenye moshi akiwatazama maskini: "Kuta za mji zalia, nani azifute chozi?"

"Haya. Mbinu gani hiyo?"

Nyuma ya shule mtambo ulinguruma, kisha kitu kikaporomoka kwa kishindo.

Binti wa mshonaji, aliyekaa dirishani, akainuka. "Mwalimu, tingatinga limefika kwetu! Watu wa manispaa walisema watabomoa mwezi ujao!"

Angeweza kumwambia aketi. Wiki nzima alikuwa akiwaambia watu waketi. Akaiweka chaki. "Fungeni vitabu. Twende wote."

Walikuta chumba kimebaki kuta tatu. Mshonaji amekaa juu ya meza ya cherehani yake, mikono ameikunja, kama abiria aliyekataa kushuka.

"Pole, mama."

"Nishapoa, mwalimu. Lakini hapa siondoki."

"Basi tuiondoe cherehani. Hiyo haina ubishi."

Mama akacheka bila kupenda, akashuka.

Walibeba cherehani, godoro, sufuria na vitambaa vya wateja vilivyojaa vumbi. Njiani binti akasema polepole, "Ni tashihisi, mwalimu. Ukuta kupewa sifa ya mtu."

"Sawasawa."

"Lakini wetu haukulia. Ulianguka tu."

Mwalimu akalihamishia godoro bega la pili, wakaendelea.

Darasani walivipanga vitu nyuma ya madawati. Mwalimu mkuu akachungulia, akakuna kichwa. "Darasa limegeuka ghala?"

"Mpaka mjomba wa huyu binti aje, mzee."

"Na kipindi?"

Mkuu akamtazama mshonaji, akaenda ofisini, akarudi na kiti chake mwenyewe chenye mto. "Keti, mama."

Jioni mjomba alikuja na mkokoteni, akawahamishia kwake, upande wa pili wa mji. Siku ya mtihani binti alifika kwa miguu, viatu vyeupe kwa vumbi, akaandika mpaka kengele. Alifaulu, si kwa kung'ara, ila alifaulu. Mama yake sasa anashonea barazani kwa kaka yake, na wateja wameanza kumjua.

Mwaka uliofuata Mwalimu Takriri aliomba apewe vipindi vya sarufi badala ya ushairi. Akanyimwa.