Ushahidi wa Bibi Mageni

Mwaisha, mama Abdu wa Ngokolo, alikuwa ameapa kwamba safari hii hadanganywi. Yaya wa kwanza alikuja na sura ya upole na salamu za kupiga magoti. Siku moja Mwaisha akarudi kutoka sokoni, akamkuta Abdu amefungwa kwa khanga kwenye mguu wa kitanda, amelia mpaka sauti imekauka, na yaya mwenyewe kaenda ngomani. Tangu hapo alimlea mtoto mwenyewe, cherehani ikala vumbi.

Sasa ushirika wa akina mama ulimtaka akafundishe ushonaji. Kazi ya kuajiriwa, Mwaisha huyu huyu! Katibu alimwambia waziwazi: aripoti Jumatatu asubuhi, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Mumewe Salehe alikuwa barabarani na lori la pamba, na wa kumwachia mtoto hakuwepo. Ndipo akajitokeza Zipora, msichana wa Mhunze aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake mtaa wa pili. Abdu alimpenda papo hapo. Lakini Abdu alimpenda hata yule wa ngoma, kwa hiyo ushahidi wake haukupokelewa.

Jumamosi alfajiri Mwaisha alimbeba mwanawe mgongoni, akadandia lori la Mhunze. Mzaliwa huyu wa Ujiji alijiona fundi wa kuchunguza watu. Kwa wazazi hakwenda. Mzazi gani atamchongea mwanawe? Alikwenda sokoni, akamchagua bibi mwenye uso wa heshima aliyekuwa akiuza michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Wenzake walimwita Mageni.

"Shikamoo bibi. Unamfahamu Zipora, binti wa Ng'wandu?"

"Marahaba, mayu, mama yangu. Zipora?" Bibi akaweka kipimo chake chini. "Jizi lile! Ukoo mzima majizi! Ukimpa uji wa mtoto ataunywa yeye, kisha alambe na sufuria. Mimi hata mbuzi simwachii!"

Aliyasema hayo macho makavu. Wauzaji wa pembeni wakaangua kicheko, na Mwaisha akadhani wanamcheka yeye kwa ujinga wake.

"Ahsante bibi, umeniokoa. Nilitaka awe yaya wangu. Basi tena!" Akageuka akaondoka, wala hakusikia bibi akimwita. Njia nzima alilia kimyakimya, maana kazi ilikuwa imemponyoka.

Jioni Zipora alipokuja kuuliza habari, Mwaisha alimtolea yote bila kupunguza neno. Msichana akashika mbavu kwa kucheka.

"Mageni wa michembe? Mama Abdu, yule ni mtani wangu! Ukoo wake na wetu tunataniana tangu enzi za mababu. Babu yangu alipofariki, alikuja msibani akamtukana maiti. Sasa ulitegemea aseme nini?"

Utani Mwaisha aliujua, ila ule wa kabila na kabila. Watu wa kabila moja, kijiji kimoja, kuitana majizi mbele ya mgeni? Hilo halikumwingia akilini.

"Hata mwizi angejitetea hivyo hivyo," alisema.

Kicheko kikamkauka Zipora. Aliaga kwa adabu, machozi yakimlengalenga.

Jumapili mchana ikasikika hodi. Alikuwa Bibi Mageni, vumbi kichwani hadi miguuni, mjukuu mgongoni, na nyuma yake Zipora, ambaye bibi alimpitia kwa shangazi yake. Wauzaji wenzake walikuwa wamemjia juu tangu jana: utani wako umemkosesha mtoto wa watu kazi!

"Bibi," Mwaisha alimkabili, "niambie ukweli. Huyu ni mtu mwema?"

Bibi akafungua kinywa. Akamtazama Zipora, akakifunga. Alijaribu tena, na ilionekana anaumia kweli.

"Ni jizi," akasema. "Nimsifu mtani wangu mbele ya watu? Si watanicheka mpaka siku ya kunizika!"

Mwaisha akashusha pumzi. Bibi naye akasonya, akafungua mbeleko, akamkabidhi Zipora kile kitoto kilichokuwa kimelala.

"Shika, wewe jizi. Mama yake kalazwa hospitali, nampelekea chakula. Akiamka mpe maji. Michembe usimpe, hana meno."

Akatoka na kikapu chake, wala hakugeuka kutazama nyuma.

Mwaisha alibaki amesimama. Mwanamke asiyemwachia Zipora mbuzi kamwachia mjukuu, mtoto ambaye mama yake yuko kitandani! Zipora alikwisha kumlaza begani, anamfuta udenda kwa ncha ya khanga, na Abdu anamvuta sketi akitaka zamu yake. Furaha ikampanda Mwaisha mpaka akapiga kigelegele, majirani wakatoka nje wakidhani kuna posa.

"Kesho uje mapema, mwanangu," alimwambia Zipora. "Na jana unisamehe. Niliuliza, kusikiliza ndiko kulikonishinda."

Jumatatu alipita katikati ya Ngokolo kavaa gauni aliloshona mwenyewe, futi ya kupimia imening'inia shingoni, akiwasalimia hata wale aliokuwa amenuniana nao. Katibu alimpokea mlangoni, akamwuliza kama mtoto amepata mtu.

"Amepata," Mwaisha alijibu, akavuta kiti mbele ya wanafunzi wake. "Haya akina mama, leteni mikasi."