Mstari wa Mehitabeli

Hapa Boston, katika koloni hili la Waingereza, tunawazika watu wetu na shairi lililobandikwa juu ya jeneza. Jirani yangu Mehitabeli alipofiwa na mtoto, mchungaji alibandika lake, beti ishirini. Mehitabeli akaleta mstari mmoja.

“Mama, huku ni kumnung'unikia Mungu,” mchungaji akamwambia.

“Mwache aniulize mwenyewe,” akajibu, akaubandika.

Karatasi zote mbili zikafukiwa kaburini. Mimi ni mchapaji; shairi la mchungaji nililichapa kesho yake kutoka rasimu yake, nakala mia mbili, na leo silikumbuki hata neno. Mstari wa Mehitabeli niliusoma mara moja tu, nikiwa nimebeba jeneza: “Viatu vyake bado vina tope la jana.”

Miaka thelathini sijauchapa, nikisema namwogopa Mungu. Kumbe nilikuwa namwogopa mchungaji.