Siku Nilipoulizwa Nilichokijua

Jaji alivua miwani, akaifuta kwa pindo la joho lake, na mama akanishika mkono. Hakuwa amenishika tangu mdogo wangu akamatwe.

Kizimbani walisimama wawili: mdogo wangu aliyemiliki lori, na dereva wake. Ndani ya lori hilo, katikati ya maboksi ya vigae, polisi walikuta kilo arobaini za heroini. Hatia ilikwisha kuthibitishwa, ilibaki adhabu tu. Jaji alishasema atapima uzito wa mzigo na nafasi ya kila mmoja, kwani aliyepanga na aliyetumwa hawalingani. Wakili wetu alishikilia kwamba dereva ndiye aliyepanga, na mdogo wangu ni kijana mpole aliyeponzwa.

Mpole. Nimekua na neno hilo likinichoma. Niliacha shule nikakalia cherehani ili yeye asome, sifa zikawa zake, kwa kuwa na akili. Alipofeli, walimu ndio waliokuwa na chuki. Aliponunua lori, mama alizunguka mtaa mzima akitangaza. Nilipomjengea mama chumba cha pili, aliniuliza kwa nini dirisha ni dogo. Yeye aliitwa "baba yangu". Mimi niliitwa palipokuwa na kazi. Wivu wa ndugu ni aibu kuutaja, basi niliumeza, nikashona.

Wiki tatu kabla ya hukumu, afisa wa ustawi wa jamii alikuja nyumbani kuiandalia mahakama taarifa ya maisha ya mdogo wangu. Mama alimsimulia saa nzima: homa za utotoni, vyeti, jinsi alivyoogopa hata kuchinja kuku. Afisa aliandika yote. Kisha akasogea mlangoni pa chumba changu cha kushonea, akaniuliza kama nina la kuongeza.

Kabla sijafungua kinywa, mama akajibu kutoka sebuleni.

"Usipoteze muda na huyo, mwanangu. Hajui lolote kuhusu mdogo wake."

Nikauondoa mguu kwenye pedali.

"Najua," nikasema.

Nikamweleza. Miezi miwili kabla ya kukamatwa, mdogo wangu alikuja kupigia simu chumbani mwangu, akidhani cherehani kinafunika sauti. Nilimsikia akimwambia dereva kazi yake ni usukani, na kwamba akithubutu kuuliza tena ndani kuna nini, mkewe atamtafuta asimwone. Afisa aliniuliza kama naweza kuyarudia chini ya kiapo. Niliyarudia mahakamani, neno kwa neno, nikiwa nimevaa gauni langu zuri kuliko yote.

Sasa, siku ya hukumu, jaji akarudisha miwani machoni. Dereva, aliyeshuku akanyamaza kwa kutishwa, miaka minne. Mdogo wangu, ishirini. Mkono wa mama ukatoka mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayeweka chini chombo cha watu.

Koridoni mke wa dereva alinikumbatia, machozi yakanilowesha bega. Alisema ni wachache wanaoweza kuitoa haki ndani ya nyumba yao kumpa mtu baki. Nilimwacha aendelee kusema. Nilitaka kumwambia kwamba sikumfikiria mumewe hata mara moja, lakini sifa zilikuwa tamu, na mimi nilikuwa na njaa ya miaka.

Mama hakunitukana. Alienda kumtazama mfungwa wake kila siku ya ruhusa, akarudi, akala nilichopika. Dereva alimaliza kifungo chake, akaja kunishukuru na mkewe, mama akawakaribisha viti. Walipoondoka, alikaa ukingoni mwa kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Ulisema kwa sababu ni kweli?"

"Ilikuwa kweli, mama."

"Sikuuliza kama ilikuwa kweli."

Alingoja. Jikoni maji ya chai yalichemka, yakamwagika, yakauzima moto, na hakuna kati yetu aliyeinuka.