Vishikizo vya Gari la Obed

Upepo wa Makambako hauna adabu, lakini si huo uliokuwa ukigonga chesisi, fremu ya chini ya lile gari. Silvanus aliujua mlio ule: ko, kimya, ko. Ndivyo marehemu kaka yake Obed alivyozoea kugonga chuma, asikilize kama kimeshika.

Gari lenyewe Obed aliliunda kwa mikono yake. Watu walimcheka weee, mpaka siku lilipowaka. Kisha kwenye mteremko wa kwenda Njombe, kishikizo kinachobana springi ya mbele kwenye chesisi kikakatika, gari likapinduka, Obed akazikwa kwao Mdandu. Na sasa mjane wake, Dainess, anataka litengenezwe!

"Na siku ya kulijaribu, shemeji, napanda mimi."

"Shemeji, una wazimu?"

"Aliliunda ili anipeleke nyumbani Mlangali. Nitapanda."

Basi Silvanus akakosa raha. Akikosea, anamzika na shemeji yake.

Alikitoa kile kishikizo akakitazama vizuri. Obed alikikata kutoka springi chakavu ya lori, maana mafundi wote wa pale Makambako, Silvanus mmojawapo, huapa kuwa hakuna chuma kigumu kama hicho. Mshono wa kuchomelea ulikuwa mzima. Chuma kilikatika pembeni yake, safi, kama sahani iliyovunjika. Silvanus akachomelea kipande cha springi, akakimwagia maji kipoe haraka, kama walivyozoea wote. Akachomelea na kipande cha chuma cha kawaida, hicho akakifukia kwenye majivu kipoe polepole. Akavipiga nyundo. Cha kawaida kilipinda tu. Cha springi kilikatika pigo la kwanza.

Mungu wangu! Ugumu waliokuwa wakiusifia ndio uliomuua kaka yake.

Akakata vishikizo vipya vya chuma cha kawaida, vinene, akavipanua kitako vikumbatie chesisi pande zote mbili, akaviongezea mbavu za pembetatu. Alipomaliza kuchomelea, sauti ikamjia nyuma ya shingo: "Mwaga maji, mdogo wangu. Tunachelewa."

Nywele zilimsimama. Ndoo ilikuwa pale pale miguuni, na mkono ulishaanza kuifuata.

"Niache, kaka," alisema huku machozi yakimtoka. "Leo simwagi."

Akakaa kwenye baridi ile hadi chuma kilipopoa chenyewe.

Siku ya safari Dainess alipanda mbele. Pale pale alipopindukia Obed, gurudumu liliingia shimoni, puu! Silvanus akafumba macho, mjinga yule, na usukani mkononi. Springi ikabonyea, ikarudi. Vishikizo vikashika. Gari likapita.

Silvanus akaangua kicheko. "Umeona, shemeji? Umeona?"

Dainess alikuwa amegeuka, analitazama lile shimo likibaki nyuma.

"Kumbe lingepita," alisema. "Silvanus, kumbe kwa chuma hiki siku ile lingepita tu."

Silvanus akaacha kucheka, akaushika usukani kwa mikono yote miwili mpaka Njombe.