Saa Tisa Usiku, Jua Likiwaka

Muuguzi Eugenia alikuja kufukuzwa kazi akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Kama ni kufukuzwa, alijiambia, afukuzwe akiwa safi. Pale Nyamisangura, kwenye ofisi ya shirika lililoendesha zahanati kadhaa za vijijini, mkurugenzi mzee Simioni alimwambia angoje kwenye chumba cha kompyuta. Barua yake ilikuwa inachapwa.

Kosa lake? Makasha ya dawa za malaria yalipotea zahanati, na kumbukumbu za kompyuta ya huko zikasema ni jina la Eugenia lililofungua orodha ya stoo, saa tisa ya usiku. Alikana hadi koo likamkauka. Lakini nani atabishana na mashine?

Na mashine yenyewe ndiyo hiyo mbele yake: seva ya kumbukumbu, inayotunza nyayo za kila kompyuta ya shirika, nani kafungua nini na saa ngapi. Siku hiyo fundi Wegesa, mwanamke wa Kikurya, alikuwa akiihamishia kwenye toleo jipya. Eugenia alimwogopa. Yeye ni mtu wa Rombo, na tangu ahamishiwe Tarime hakuwahi kuizoea sauti ya Kikurya, ambayo hata ikikusalimia tu unadhani umekamatwa.

"Wegesa, nilikuambia anza upya," mzee Simioni alifoka mlangoni. "Hayo ya zamani futa. Yanatuchelewesha bure."

"Shikamoo mzee. Sifuti. Mtu akihama boma anahama na ng'ombe wote, hata aliye kilema."

Mzee aliguna, akaondoka. Basi huyu anaihamisha na aibu yangu, Eugenia aliwaza, akamchukia papo hapo.

Seva mbili, ya zamani na mpya, zilikuwa zinapokea taarifa za zahanati kwa pamoja, ili fundi ajue kama kuna kinachodondoka njiani. Ile ya zamani iliamini saa yoyote iliyoletewa. Mpya haikuwa mjinga. Iliandika na saa yake yenyewe pembeni. Ghafla Wegesa akaacha kutafuna karanga, akasogeza uso kwenye kioo.

"Ebo! Dada, zahanati yenu inaandikisha mgonjwa sasa hivi. Wanasema ni saa tisa usiku."

Eugenia aligeuka dirishani. Nje jua lilikuwa likiwaka, na mama mmoja alikuwa akianika ulezi.

Wegesa alikwishapiga simu na kuiweka sauti ya nje. "Machage, mura, saa ya hiyo kompyuta aliiweka nani?"

"Mimi hapa," karani kijana wa zahanati alijibu. "Ilizima wakati wa masika, ikawaka imesahau saa. Nikaweka tatu. Si ilikuwa saa tatu asubuhi? Ulitaka niweke ngapi?"

"Tatu ya kompyuta ni ya Kizungu, ndiyo saa tisa yetu ya usiku!" Wegesa akakata simu. Alifungua mistari ya zamani, ileile aliyoamriwa kuifuta. Tangu masika watoto walikuwa wakichanjwa saa kumi usiku, wajawazito wakipimwa kabla jogoo hajawika. Kijiji kizima hakilali! Na katikati yao ulikuwamo mstari wa Eugenia. Alijiziba mdomo.

"Ule wenye jina langu ufute," alinong'ona. "Nakuomba, dada yangu."

"Sifuti. Nikifuta leo kukuokoa, kesho mwingine atafuta kukumaliza. Utabaki, na saa ya kweli itakaa pembeni yake."

Mzee Simioni aliitwa. Alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani.

"Sasa dawa alichukua nani?"

"Hilo seva haijui, mzee. Inachojua ni kwamba Eugenia alifungua orodha ya stoo asubuhi, kwenye zamu yake, foleni ikiwa mlangoni."

Mzee aliichana barua mbele yao. "Rudi kazini, mwanangu," alisema bila kumtazama usoni. "Na utusamehe."

Walipobaki wawili, Eugenia hakuinuka. Kulikuwa na swali lililomkaa kifuani.

"Na kama ingeonyesha ni mimi kweli?"

Wegesa hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye mistari iliyokuwa ikihama.

"Ningekununulia soda kwanza, unywe, utulie. Halafu ningempelekea mzee."

Eugenia alicheka hadi machozi yakamtoka. Tangu asimamishwe kazi watu wengi walikuwa wamemfariji, wala hakuna faraja iliyomwingia kama jibu lile. Akavuta kiti karibu. Wagonjwa walikuwa wakimngoja, alijua, lakini alikaa kidogo zaidi, amwone mwanamke huyu akifanya kazi.