Otilia Apiga Magoti Ngazini

"Huo unaousugua ni mkate wangu," alisema Doña Cuca, akaliweka guu lake juu ya kidato ambacho Otilia ndiyo kwanza alikuwa amekipaka sabuni. "Haya, sugua na kiatu changu umalize kazi."

Otilia alikuwa amepiga magoti, viganja chini, tumbo la miezi minane na nusu likining'inia karibu liguse saruji. Kuinuka upesi hakuweza. Milango ya ghorofa ya kwanza ilishafunguka yote, watu wamesimama na vikombe vya kahawa, wengine tortilla, chapati za mahindi, mkononi, maana katika nyumba ile ya wapangaji ishirini, mtaa wa Guerrero, ugomvi wa asubuhi haumpiti mtu.

Wiki mbili walikuwa wakimsema. Mmoja aliapa kwamba ni mumewe, Nabor, anayemtumikisha. Mwingine akasema kaweka nadhiri kwa Bikira. Ukweli ni kwamba mkunga wake alimpapasa tumbo akakunja uso. Kichwa cha mtoto kiko chini, sawa, lakini mgongo wake kaubandika kwenye mgongo wa mama, na mtoto wa namna hiyo huja kwa taabu. Akamuuliza anapumzikaje. Otilia akamweleza: kutwa nzima yuko ndani ya kibanda cha maegesho ya magari, anakata tiketi, na kiti chenyewe kimeng'olewa kwenye gari bovu, kimebonyea mpaka magoti yanapita kiuno. Mkunga akaguna. Mgongo wa mtoto ndio mzito, akasema. Mama akijilaza nyuma, nao unaangukia nyuma. Ainame mbele, aache tumbo lining'inie. Asugue sakafu kama bibi zake.

Chumba cha Otilia kilikuwa kimejaa kitanda na jiko. Sakafu ya kusugua ilikuwa huko ngazini tu.

"Nasugua kwa ajili ya mtoto, Doña Cuca. Silipwi hata senti."

"Ndiyo hasa, hulipwi. Jana msimamizi, Don Evodio, kaniambia nirudishe ndoo, kuna mama mjamzito anamsafishia bure. Miaka kumi na moja nasafisha ngazi hizi, mwanangu."

Hilo Otilia hakulijua. Aliinuka kwa kushika ukuta, povu likimchuruzika hadi viwikoni, akaondoka na ngazi zimesafishwa nusu.

Alikwenda kliniki na maombi mawili: wampe barua ya kumwambia bosi amtafutie stuli, na wampe muda mtoto ageuke. Ukumbi ulinuka matapishi yaliyomwagiwa dawa ya chooni. Viti vya plastiki vilimlaza chali, akaamua kusimama, kwa muda wa saa mbili na nusu. Karani wa dirishani alikuwa anakula. Alipangusa pilipili vidoleni kwa karatasi, na Otilia alipotazama vizuri akaona ni karatasi yenye jina la mgonjwa.

"Mkao si ugonjwa," karani alisema bila kuinua macho. "Fomu ya mkao hatuna. Wewe umepangiwa kupasuliwa Alhamisi."

Otilia akauliza kwa nini Alhamisi, na leo ni Jumatatu, uchungu hata haujaanza. Akaambiwa daktari anaanza likizo Ijumaa, na mtoto aliyekaa vibaya hawezi kumsubiri arudi. Hakuna aliyemgusa tumbo. Mkono pekee uliofanya kazi asubuhi ile ulikuwa wa karani, nao uligonga muhuri.

Akipasuliwa atakaa siku arobaini bila kuinua kitu, na bosi alishatamka: atamwekea nafasi yake siku kumi na tano, basi. Mkataba hakuna. Alipofika kazini adhuhuri aligeuza debe la rangi akalikalia, magoti chini, mgongo mbele, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapumua. Bosi alilipiga teke debe likaviringika. Alisema wateja wakimwona juu ya debe watadhani hapa pana njaa, na kiti si kile pale? Otilia akarudi kuzama katika lile shimo la sponji, lenye jasho la watu asiowajua, mpaka jioni.

Don Evodio, msimamizi wa nyumba, alikuwa anamngoja ngazini, ananukia manukato, brashi kaishika kwa leso.

"Umeniachia nusu, binti. Maliza. Na kuanzia kesho uongeze sakafu ya huko juu, penye kamba za nguo. Mazoezi, au sivyo? Kwa faida ya mtoto."

Otilia akamwambia amrudishe Doña Cuca, amlipe.

"Nilipe kitu ambacho nimeshaona kinafanyika bure?" Alicheka kwa upole kabisa. "Usipotaka wewe, wapangaji watapeana zamu. Cuca harudi."

Otilia aliichukua ile brashi mkononi mwa Don Evodio. Mzee akatabasamu, akidhani ameshinda. Otilia akainyoosha nje ya kizuizi cha ngazi na kuiachia. Ilianguka hadi uani, ikazama ndani ya mtaro wa maji machafu.

"Zisugue mwenyewe," alisema. "Una magoti."

Alipanda taratibu, ameshika kiuno. Siku tatu zilibaki, na mahali pa kuinamia hakuwa napo tena.

Mlango wa Doña Cuca ulikuwa wazi kwa upana wa pua. Ukafunguka wote.

"Bado nimekukasirikia," alisema Doña Cuca. "Ujue hivyo." Akamtazama tumbo, kisha miguu iliyovimba. "Wewe hapo kwenu utainamia wapi, kitandani? Ingia ule. Sahani nitakutandikia sakafuni, upige magoti, uinamie hapohapo. Maharage yanapoa."