Kifundo cha Siwema

Wenzangu huota usiku. Mimi niliota jana mchana, nimeshiba makande, nimelala chali na ndala miguuni, nikisubiri kikao cha kutathmini msimu.

Ili unielewe, nianzie mbali kidogo. Naitwa Domitila, nahodha wa Nyigu, timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo chetu cha ualimu huku Iringa. Tuna desturi yetu: siku ya mechi hakuna anayejifunga viatu mwenyewe. Unafungwa na mwenzako, ili ukiwa uwanjani ukumbuke kwamba hukimbii peke yako. Mimi hunifunga Siwema, mchezaji wa akiba wa nafasi yangu.

Sasa sikiliza. Fainali, robo ya nne, tumeachwa pointi moja, mpira ninao mimi, njia nyeupe mbele yangu. Kiatu cha kulia kikachomoka kama ndala ya bafuni. Mimi chini, mpira nje, kombe likaenda kwa wenyewe.

Jiulize: nikianguka mimi, nani anaingia? Siwema. Aliyenifunga viatu nani? Siwema. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kinalala kitanda cha juu yangu. Tangu siku ile sikumsemesha. Nilishaamua kwamba kwenye kikao nitamtaja, atolewe. Na anayetolewa kwenye timu anatolewa na hosteli ya wanamichezo. Kwao ni Makete, mjini hapa hana hata shangazi. Shauri yake.

Basi naota naingia ukumbini. Mwenyekiti wa kikao ni filimbi. Imekaa kwenye kiti cha Kocha Mgaya, imevaa miwani ya Kocha Mgaya. Hakuna anayeshangaa, nami sishangai.

"Karibu nahodha," inasema. "Sheria ni zilezile. Anayezungumza adunde. Anayetuhumu bila ushahidi, faulo. Faulo tano, nje."

"Nidunde nini?"

"Ulicho nacho."

Nina bakuli la makande. Nalidunda. Linadunda vizuri tu, halimwagiki hata punje ya hindi. Nikalitilia shaka papo hapo, lakini nikaendelea kudunda.

Mlango unafunguka, anaingia Msimu. Ni mama wa makamo, amevaa jezi zetu zote, moja juu ya nyingine, na anachechemea.

"Shikamoo, mama," nasema huku nadunda.

"Marahaba, mwanangu. Mnakumbuka nilivyoanza? Mechi sita za mwanzo nilinenepa mpaka nguo zikanibana. Ni huu mguu wa mwishoni tu. Wewe ndiye uliyenivunja?"

"Mimi tena! Nimehujumiwa, mama."

"Na nani?"

Natazama huku na huku. Mpira umekaa mstari wa mbele, umekunja nne. "Huyo hapo. Alinikimbia."

Filimbi inajipuliza yenyewe. "Faulo ya kwanza."

"Dada Domi," unasema mpira kwa upole, "mimi ni wa mviringo. Nikiachwa nabingirika. Ulitaka nisimame nikusubiri?"

"Basi ni ringi. Siku ile lilijikunja makusudi, likawa dogo."

"Faulo ya pili."

Ringi linapanua mdomo, na Bi Atupele, mpishi wa chuo, anarusha kabichi likapita katikati. Kumbe tuko jikoni. Sijui tumefikaje, masufuria yanachemka na kikao kinaendelea.

"Bi Atupele naye," nasema, "siku ya fainali alinipa wali mzito."

"Wee mtoto!" anasema, mwiko mkononi. "Si ulilia ukoko mwenyewe? Nikakuongeza, ukalamba na sahani!"

"Faulo ya tatu."

Nikamgeukia Msimu. "Isije ikawa ni wewe mwenyewe, mama. Ulikuwa mrefu mno, ulituchosha."

Msimu anavua jezi moja, anafutia macho. Nikasikia vibaya, lakini maneno yalishatoka.

"Faulo ya nne," inasema filimbi. "Leteni shahidi."

Anakuja mtu na sinia lililofunikwa kawa, kama pilau ya wageni. Kawa linafunuliwa. Ni kiatu changu cha kulia.

"Sema," kinaambiwa.

"Mmmh!" kinasema kiatu. "Mmh, mmmh!"

Hakiwezi kusema. Kimefungwa kwa kamba juu ya ulimi, kifundo cha mara mbili, masikio ya kamba yamechomekwa ndani. Kifundo hicho ningekijua hata gizani. Nyigu wote hakuna anayefunga hivyo isipokuwa mmoja.

"Mnaona?" napiga kelele. "Amekifunga kisiseme!"

"Nahodha," inasema filimbi, imeshusha miwani, "una faulo nne. Kitazame vizuri kabla hujasema."

Nikamwona Siwema mlangoni, godoro lake kichwani.

"Domi, niulize basi," anasema. "Hata siku moja hujaniuliza."

"Mtuhumiwa haulizwi!"

Kiatu kinajirusharusha kwenye sinia, mmmh, mmmh, kinanigeuzia ubavu kana kwamba kinataka nione kitu. Sioni kitu. Hasira zimenijaa.

"Ni Siwema!" nasema. "Siwema alinilegezea kamba!"

Piiii!

"Faulo ya tano. Nje."

Msimu akanishika ukosi kama paka anavyobeba mwanawe, akanitoa, akafunga mlango. Na nje palikuwa kitandani kwangu.

Nikakaa. Ndoto za makande hizi, nikajiambia, mtu mzima hatishiwi nyau. Lakini mkono wangu ulishaingia chini ya kitanda, ukavuta begi. Tangu fainali sikuwa nimelifungua. Niliporudi siku ile nilitupia viatu mle kwa hasira, nikavuta zipu, basi.

Nikakitoa kiatu cha kulia. Kifundo kilikuwepo, cha mara mbili, masikio yamechomekwa ndani. Nilijaribu kukifungua kwa kucha, nikajaribu kwa meno. Loo! Hakikutikisika. Nikakigeuza ubavu. Kamba ilikatika chini, kwenye tundu la tatu, mahali ambapo bati la tundu lilikuwa limeng'oka na kuitafuna taratibu, msimu mzima. Kifundo chenyewe hakikuwa kimeachia. Kilikuwa kimeshika siku zote hizi mle ndani ya begi.

Nikasikia kitanda cha juu kinalia.

"Siwema," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu fainali. "Unafanya nini huko?"

"Nakunja shuka."

"Za nini?"

"Si unanitaja leo?"

Nikashtuka. Nikaanza kuwaza nani kati ya wenzangu kampelekea maneno. "Nani kakwambia?"

"Wewe. Umepiga kelele sasa hivi usingizini. Hosteli nzima imesikia."

Nilitamani kitanda kinimeze. Nikanyoosha mguu wa kulia, nikaweka kile kiatu mbele ya mguu.

"Shuka, Siwema. Njoo unifunge."

Akachungulia. "Leo kuna mechi?"

"Kuna kikao."

Alinitazama. Safari hii ilikuwa zamu yake kunishuku, na alikuwa na haki yote. Kisha akashuka, akakichukua kiatu, akaiona ile kamba iliyokatika, akaichomoa pamoja na kifundo chake. Aliketi sakafuni, akachomoa kamba ya kiatu chake mwenyewe, akaipitisha kwenye changu tundu kwa tundu, akaliruka lile la tatu. Akanivisha, akafunga mara mbili, akachomeka masikio ndani.

"Nilikukosea," nikasema. "Na nitasema hivyo hivyo mbele ya Kocha na timu nzima."

Akavaa ndala zake, maana sasa raba zake hazikuwa na kamba. Akaupiga mguu wangu kofi dogo, kama afanyavyo kila siku ya mechi.

"Ikikatika tena," akasema, "uniulize."